Je, wajua? Jinsi "damu ya taifa" ilivyowafikisha Wayahudi kwenye vyumba vya gesi

Mwezi Mei 1942, mjini Dresden, Ujerumani, mzee mmoja aitwaye Victor Klemperer na mkewe Eva waliamua kumpeleka paka wao kwa daktari wa wanyama. Hakuwa mgonjwa. Walimpeleka auawe. Ilikuwa imetoka amri kwamba Myahudi haruhusiwi kufuga mnyama nyumbani, wala kumkabidhi rafiki amtunzie. Mnyama achukuliwe na serikali. Wazee wakaona heri afe mikononi mwao. Paka huyo aliitwa Muschel.

Naanza na paka kwa makusudi. Ile namba ya Wayahudi milioni 6 sote tumeisikia tangu shuleni, na ukubwa wake wenyewe unaifanya iteleze kichwani. Lakini fikiria serikali iliyo vitani na nusu ya dunia, ina majeshi yaliyozama ndani kabisa ya Urusi, halafu inapata muda wa kutunga amri kuhusu paka wa wazee wawili. Akili ya namna hiyo ilitoka wapi?

Klemperer alikuwa mtoto wa rabi, lakini alibatizwa Mprotestanti ukubwani. Alijitolea kupigania Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuwa profesa wa lugha na fasihi ya Kifaransa. Katika shajara aliyoiandika kwa siri miaka yote ya Wanazi, alishikilia kwamba yeye ndiye Mjerumani, na wanaomtesa ndio walioacha kuwa Wajerumani. Hakujiita Myahudi. Wao ndio waliomwita hivyo, na walikuwa na karatasi za kuthibitisha.

Karatasi hizo ndizo tutakazozifuata hapa.

Taifa bila nchi

Kabla ya mwaka 1871 hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Palikuwa na falme, miji huru na himaya ndogondogo kadhaa, watu wakiunganishwa na lugha, hadithi na nyimbo. Wafaransa, baada ya mapinduzi yao ya 1789, walikuwa na dola, na uraia wakauweka kwenye sheria: mwaka 1791 Wayahudi wa Ufaransa wakawa raia. Wajerumani waliotamani taifa hawakuwa na dola ya kuegemea. Wakalitafuta taifa mahali pengine: kwenye asili, kwenye ardhi ya mababu, na kadiri karne ya 19 ilivyosonga, kwenye damu. Neno lao lilikuwa Volk. Tafsiri ya kawaida ni "watu", ila kwa wazalendo wakali lilimaanisha kitu kama mwili mmoja mkubwa wenye roho yake, ambao mtu huzaliwa ndani yake na hawezi kuuingia kwa kuomba.

Chuki dhidi ya Wayahudi barani Ulaya ilikuwepo karne nyingi kabla ya hapo. Ile ya zamani ilikuwa ya kidini: Wayahudi walituhumiwa kumuua Kristo, wakafungiwa katika mitaa yao, wakafukuzwa nchi baada ya nchi. Ilikuwa chuki mbaya, na iliua. Ila ilikuwa na mlango mmoja mwembamba: ukibatizwa, mara nyingi uliponea hapo. Mwaka 1879 mwandishi Mjerumani Wilhelm Marr alilieneza neno jipya, antisemitizimu, na kwa neno hilo alitaka ieleweke kwamba tatizo si dini bali mbari. Kwa hesabu hiyo, maji ya ubatizo hayafui dafu. Ule mlango mwembamba ukafungwa.

Fikra za mbari hazikubaki vitabuni. Zilijaribiwa kwanza kwa Waafrika. Mwaka 1905 Wajerumani walipiga marufuku ndoa kati ya wazungu na Waafrika huko Namibia, na mwaka 1906 marufuku hiyo ikafika Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanzania Bara, Rwanda na Burundi za leo. Huko Namibia, kati ya 1904 na 1908, majeshi ya Kijerumani yaliangamiza sehemu kubwa ya Waherero na Wanama. Mwaka 1908 daktari Eugen Fischer alikwenda Rehoboth, huko huko Namibia, kupima vichwa na nywele za watu waliochanganya asili. Baadaye huyo Fischer ndiye aliyeongoza taasisi kubwa ya sayansi ya mbari mjini Berlin. Sisemi kwamba Windhoek, mji mkuu wa Namibia, iliizaa moja kwa moja Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, maana wanahistoria wenyewe hawajaacha kubishana juu ya hilo. Lakini msamiati, na baadhi ya watu, ni wale wale.

Kutafuta mchawi

Mwaka 1914 Wayahudi wa Ujerumani walikwenda vitani kama wenzao. Wapatao 100,000 walivaa sare ya jeshi, na karibu 12,000 hawakurudi. Hata hivyo, mwaka 1916, vita ikiendelea, jeshi liliamuru Wayahudi wahesabiwe ili ionekane kama wanakwepa mstari wa mbele. Matokeo hayakutangazwa. Uvumi ulishafanya kazi yake.

Novemba 1918 Ujerumani ikashindwa. Adui hakuwa ameingia Berlin, na magazeti yalikuwa yakiahidi ushindi hadi dakika za mwisho. Hapo ndipo lilipoanza lile ambalo kwetu halihitaji maelezo marefu: mtu anafiwa, anakataa kwamba ni ugonjwa, anaanza kutafuta mchawi. Majenerali walioshindwa vita hawakukubali kwamba walizidiwa nguvu. Wakasema jeshi lilichomwa kisu mgongoni na wasaliti wa ndani. Wasaliti gani? Wakomunisti, wanasiasa wa kiraia, na nyuma yao wote, Myahudi.

Uongo huo ulikuwa na faida moja kubwa: uliweza kubeba mambo yanayopingana. Myahudi alikuwa tajiri wa benki anayemnyonya maskini, na papo hapo Mkomunisti anayetaka kumnyang'anya tajiri. Ukimuuliza muumini wa fikra hizo inawezekanaje, alikujibu kwamba huo ndio ujanja wao. Hoja isiyoweza kukanushwa na chochote huwa na maisha marefu.

Februari 1920 chama kidogo mjini München kilitangaza ilani yake ya vipengele 25. Kipengele cha nne kilisema kwamba raia ni mwenye damu ya Kijerumani pekee, bila kujali dini yake, na kwa hiyo hakuna Myahudi anayeweza kuwa mwana wa taifa. Chama hicho ndicho kilichokuja kuitwa cha Wanazi. Kwa maneno mengine, jambo hili halikufichwa. Lilikuwa limeandikwa miaka 13 kabla hawajashika madaraka.

Wapiga kura wengi hawakujali. Mwaka 1928 Wanazi walipata 2.6% ya kura. Ndipo uchumi wa dunia ukaanguka mwaka 1929, wasio na kazi Ujerumani wakafika milioni 6, na Julai 1932 chama kile kile kikapata 37.3%. Wengi wa waliokipigia walitaka ajira na heshima ya nchi yao, hawakuomba watu wauawe. Walinunua mkate wakijua una sumu ndani, wakadhani watakula pembeni. Mimi siwapi msamaha kwa hilo. Tarehe 30 Januari 1933 Adolf Hitler akateuliwa kuwa chansela.

Bibi yako alisali wapi?

Wakati huo Wayahudi nchini Ujerumani walikuwa kama nusu milioni, chini ya mtu mmoja katika kila 100. Moja ya kazi za kwanza za serikali mpya ilikuwa kuwatoa kazini. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1933 iliwafukuza kwenye utumishi wa umma. Rais Hindenburg, mwanajeshi wa zamani, aliomba waliopigana vitani waachwe, na ndiyo sababu Klemperer alibaki na kiti chake chuoni hadi 1935.

Mwaka huo, Septemba, zikatoka Sheria za Nuremberg. Zilimvua Myahudi uraia na kupiga marufuku ndoa na mapenzi kati yake na mtu "wa damu ya Kijerumani". Sasa likaja swali la kiutendaji: Myahudi ni nani? Itikadi ilisema ni damu. Lakini maabara gani ingepima damu hiyo? Hakuna. Pamoja na maprofesa wote na vifaa vya kupimia pua, hapakuwa na kipimo hata kimoja kilichoweza kumtofautisha Mjerumani Myahudi na jirani yake.

Wakarudi kwenye daftari. Kanuni zilizotungwa Novemba 1935 zilisema Myahudi ni mtu mwenye mababu na mabibi watatu au wanne Wayahudi. Na babu alihesabiwa Myahudi kwa kigezo gani? Kwa kuwa muumini wa sinagogi. Yaani sayansi yote ya damu iliishia kwa karani anayepekua vitabu vya ubatizo kuona bibi yako alisali wapi.

Mamilioni ya Wajerumani wa kawaida walihangaika kuandikia parokia za vijijini wakiomba vyeti vya babu na bibi. Kulikuwa na kijitabu maalumu cha ukoo, kinajazwa majina na kugongwa mihuri, na bila uthibitisho wa asili kazi nyingi hukuzipata. Mapadri na wachungaji walikaa jioni wakinakili daftari za miaka 100 nyuma. Wengi wao hawakumchukia mtu. Walikuwa wakijibu barua.

Kiswahili chetu kinauita uhalifu huu mauaji ya kimbari, na mbari katika lugha ya zamani ni ukoo, kizazi. Sijui kama aliyelichagua neno hilo alikuwa na habari za vile vijitabu, lakini alilenga shabaha. Kule Rwanda pia, ambako watu waliuawa mwaka 1994 kwa kutajwa kabila kwenye kitambulisho, kesi iliamuliwa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo.

Sheria hizo hazikuishia kwa Wayahudi. Ziliwashika pia Waroma, yaani wale waitwao Wajipsi, na Waafrika. Mmoja wao alikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, ambaye Ujerumani ilimjua kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingia vitani upande wao akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo jeshi halikuilipa. Akabaki huko, akawa mhudumu mgahawani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa vita ile, akanyimwa. Mwaka 1941 akakamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa bila kesi kambi ya Sachsenhausen, na akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Yeye na Klemperer walikuwa na kosa moja: walidhani utumishi unamfanya mtu kuwa wa nchi.

Jina, muhuri, nyota

Kuanzia 1938 mambo yalikaza. Agosti mwaka huo ilitungwa sheria kwamba kila mwanamume Myahudi aongeze jina Israel, na kila mwanamke jina Sara, isipokuwa kama jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya majina ya Kiyahudi iliyokubaliwa. Oktoba, baada ya mazungumzo na Uswisi iliyotaka kuwatambua wakimbizi mpakani, pasi zao zikagongwa herufi J nyekundu. Julai mwaka huo huo nchi 32 zilikuwa zimekutana Évian, Ufaransa, kujadili nani atawapokea. Karibu zote zilitoa pole, hazikutoa nafasi. Jamhuri ya Dominika pekee ndiyo iliyojitokeza kwa ahadi ya maana.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 makundi ya Wanazi yalichoma masinagogi zaidi ya 1,000, yakavunja maduka maelfu, na wanaume Wayahudi wapatao 30,000 wakapelekwa kambini. Kisha serikali ikawatoza Wayahudi wenyewe faini ya maki bilioni moja kwa uharibifu huo. Ndiyo, waliochomewa ndio waliolipa.

Hadi hapo sera ilikuwa kuwafukuza. Zaidi ya nusu ya Wayahudi wa Ujerumani waliondoka. Utaifa ule, hata hivyo, ulikuwa na njaa nyingine: ardhi. Taifa linalojiona mwili mmoja linataka pia nafasi ya kukua, na nafasi hiyo ilikuwa Poland na Urusi. Septemba 1939 Ujerumani ikavamia Poland, nchi yenye Wayahudi zaidi ya milioni 3. Iliyokuwa ikihangaika kuwaondoa laki chache sasa ilikuwa imewameza mamilioni.

Kwa muda, mwaka 1940, walifikiria kuwapakia kwenye meli na kuwatupa Madagaska, kisiwa kilichokuwa koloni la Ufaransa, wakae chini ya ulinzi wa polisi wa SS, kikosi cha chama cha Wanazi. Mpango uliandikwa kabisa ofisini Berlin. Ulikufa kwa sababu bahari ilikuwa ya Waingereza.

Wakati huo huo Ujerumani ilikuwa imeshaanza kuua raia wake walemavu na wagonjwa wa akili, kwa hoja ile ile kwamba mwili wa taifa lazima usafishwe. Kati ya Januari 1940 na Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi katika vyumba vilivyofanana na bafu. Watumishi waliojifunzia kazi huko ndio waliokuja kuhamishiwa Bełżec, Sobibór na Treblinka, kambi za mauaji nchini Poland.

Juni 1941 Wajerumani wakauvamia Umoja wa Kisovieti, na nyuma ya jeshi vikafuata vikosi maalumu vya kuua. Mjini Kyiv, Ukraine, yalibandikwa matangazo: Wayahudi wote wafike asubuhi ya tarehe 29 Septemba, wabebe hati zao, fedha na nguo za baridi. Wengi walidhani wanahamishwa. Kwa siku mbili, kwenye bonde la Babi Yar, walipigwa risasi watu 33,771. Namba hiyo tunayo kwa sababu wauaji wenyewe waliiripoti Berlin.

Nchini Ujerumani, mwezi huo huo, kila Myahudi kuanzia umri wa miaka 6 alianza kuvaa nyota ya njano kifuani. Oktoba treni zikaanza kuondoka. Kabla ya kupanda, mtu alijaza fomu ndefu kuorodhesha mali yake. Amri ya Novemba 1941 ilisema Myahudi anayeishi nje ya nchi anapoteza uraia na mali yake ni ya dola. Wanaopelekwa kwa nguvu walihesabiwa vivyo hivyo, kwa hiyo treni ikivuka mpaka, kabati, vitanda na mashuka yake yalikuwa tayari ni ya serikali, tayari kupigwa mnada. Majirani walifika mnadani. Shirika la reli lilitoza nauli ya daraja la tatu, pfenigi 4 kwa kilomita, ya kwenda tu, na watoto wadogo nusu bei.

Tarehe 20 Januari 1942 maofisa 15 walikutana kwenye jumba la kifahari kando ya ziwa Wannsee, Berlin. Mwenyekiti alikuwa Reinhard Heydrich, mkuu wa polisi ya usalama ya Wanazi. Wanane kati yao walikuwa na shahada ya uzamivu. Mauaji yalikuwa yameshaanza, kwa hiyo hawakukutana kuamua kama watu wauawe. Walikutana kupanga nani anafanya nini. Orodha iliyokuwa mezani ilikadiria Wayahudi milioni 11 barani Ulaya, pamoja na nchi ambazo Wajerumani hawakuwa wamezifikia. Na sehemu kubwa ya kumbukumbu za kikao hicho inahusu nini? Wenye babu wawili Wayahudi, wenye mmoja, na waliooana na Wajerumani. Watu wenye vyeo wamekaa, nje theluji, wanabishana kuhusu mabibi.

Kilichofuata kinajulikana. Auschwitz peke yake waliuawa watu wapatao milioni 1.1, karibu milioni 1 wakiwa Wayahudi. Treblinka, kambi ndogo, ilimeza karibu laki 9. Katika kila Wayahudi watatu wa Ulaya, wawili waliuawa.

Mtu anaweza kusema ilikuwa lazima iwe hivyo pale Wajerumani walipofika. Denmark inakataa. Oktoba 1943 Wajerumani waliotawala nchi hiyo walipotaka kuwakusanya Wayahudi, habari zilivuja. Wavuvi, madaktari, wanafunzi na wachungaji waliwaficha na kuwavusha kwa mashua hadi Uswidi, zaidi ya watu 7,000 katika majuma machache. Kwa Wadenmark wale, jirani anayetafutwa alikuwa Mdenmark mwenzao. Tafsiri nyingine ya taifa haikuwahi kuingia vichwani mwao, na bila hiyo, orodha ya Wajerumani ilibaki orodha tu.

Klemperer alisalimika hadi 1945 kwa sababu Eva alihesabiwa Mjerumani halisi na alikataa kumwacha. Tarehe 13 Februari mwaka huo walitumwa watu kusambaza barua Dresden: Wayahudi wachache waliobaki waripoti kwa safari. Yeye mwenyewe alipewa baadhi ya barua hizo azipeleke nyumba kwa nyumba. Usiku ule ndege za Waingereza zikaja, na mji ukaungua. Eva akaikwangua ile nyota kwenye koti la mumewe kwa kisu kidogo cha mfukoni. Wakatoka wakachanganyika na maelfu ya waliounguliwa nyumba, wakala supu kwenye foleni moja na wengine, wakalala kwenye vituo vilivyojaa askari. Miaka 12 serikali ilikuwa imeapa kwamba Myahudi hutambulika kwa damu, na hakuna aliyemtambua.

Likabaki jina. Kwenye karatasi ya dawa waliyokuwa nayo, Eva aliona njia. Herufi m ikageuzwa kuwa i na n, ikawekwa nukta juu, r ya kwanza ikarefushwa ikawa t. Klemperer akawa Kleinpeter, na Bwana Kleinpeter akaendelea na safari yake kuelekea Bavaria.